Ndege Ambayo Haikuwahi Kuwepo: Uchambuzi wa Kisa cha Makumbusho Madogo

Ugomvi ulianza na unga mweupe. Ndege ndogo za mbao, mifano ya zile zinazorushwa na marubani, zilizokaa miongo kadhaa ndani ya maboksi bila kudhurika zilihamishiwa kwenye makabati mapya ya vioo, na kabla ya miaka miwili kwisha baadhi yake zilikuwa zimetoa unga mkavu puani. Wahudumu wa jumba hawakusita: ni ukungu, wakasema. Wakapangusa kwa kitambaa kibichi, wakaweka mashine ya kupunguza unyevu chumbani, wakanunua dawa. Unga ukarudi pale pale.

Jumba hilo silitaji jina kwa sababu kisa hiki nimekisuka mwenyewe, kutokana na matatizo yanayojirudia katika makumbusho madogo ya ndege za mfano. Watu na vyumba ni vya kisa. Kemia, tarehe na historia ya ndege zinazotajwa ni za kweli.

Ni vyumba viwili tu, vyenye mamia ya ndege, karibu zote zikiwa kazi ya mkono wa mzee mmoja ambaye maishani mwake hakuwa rubani wala mhandisi. Alichonga jioni, akirudi kazini, kwa kisu, tupa na msasa, akifuata picha za magazetini na michoro inayoionyesha ndege kwa juu, kwa ubavu na kwa mbele. Nyingi ni za mbao ngumu, zimechongwa nzima nzima na kupakwa rangi. Nyingine ni za fremu ya vijiti vya balsa, mbao nyepesi mno, iliyofunikwa karatasi laini, zenye rafadha inayozungushwa na uzi wa mpira uliosokotwa. Alipofariki, binti yake alifungua milango kwa umma na hakugusa mpangilio wa baba. Mpangilio huo ndio unaowafanya wageni wacheke na kurudi na wenzao: ndege hazikupangwa kwa nchi wala kwa miaka, zimepangwa kwa jinsi mzee alivyozionea. Kuna rafu ya ndege "zenye pua mbaya". Kuna ya "zilizonipa usingizi". Na karibu na dirisha kuna rafu ya "zilizonishinda", imejaa vipande vilivyoachwa katikati ya kazi.

Waliogombana ni watatu. Binti, ambaye ndiye msimamizi. Rubani mstaafu anayejitolea siku za wikendi na anayeijua kila ndege kwa mlio wake. Na mhifadhi wa vitu vya kale, aliyeitwa wakati unga ulipokwisha kuwashinda wote.

Kwa nini puani tu

Mhifadhi alianza na swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: mbona unga uko puani peke yake? Ukungu hauchagui mahali namna hiyo. Hukaa popote penye unyevu na cha kula, na ukiuangalia kwa lenzi unaona nyuzinyuzi. Huu ulikuwa chembechembe, ulipenya kutoka kwenye nyufa za mbao kama unaosukumwa kutoka ndani, na ndege zilizoathirika zilikuwa na jambo moja zinalofanana: karibu zote zilikuwa na gurudumu la mbele.

Anayechonga ndege za mfano atakuwa amekwisha kung'amua. Ndege yenye gurudumu chini ya pua, ukiichonga kwa mbao na kuisimamisha mezani, mara nyingi hukalia mkia, kwa kuwa uzito umeegemea nyuma ya magurudumu makubwa. Dawa yake ni kutoboa tundu puani, kuingiza risasi (ile metali laini na nzito, si ya bunduki), na kuziba kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la msasa. Mzee alifanya hivyo kwa ustadi kiasi kwamba binti yake mwenyewe hakujua kwamba mna kitu ndani. Daftari la mzee lilijua. Mle ameandika, ndege baada ya ndege, alikoipata risasi: vizito vya nyavu, vizito vilivyoshonwa kwenye pindo la mapazia ya zamani, kipande cha bomba.

Risasi ina adui anayejulikana sana na wanaotunza meli za mfano: mvuke wa asidi ya asetiki, ile ile iliyomo ndani ya siki, pamoja na ndugu yake asidi ya fomiki. Mbao hutoa mvuke huo, mwaloni ukiwa miongoni mwa mbaya zaidi. Mbao za viwandani, zile za MDF na plaiwudi zilizoshindiliwa na gundi, nazo hutoa. Mvuke ukikutana na risasi penye hewa na unyevu kidogo, metali hiyo inageuka polepole kuwa kabonati nyeupe. Wachoraji wa zamani walilijua jambo hili upande wake wa faida: rangi yao nyeupe ilitengenezwa kwa kuning'iniza risasi juu ya siki makusudi na kuvuna unga. Ndani ya pua ya ndege hakuna wa kuvuna. Unga huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa, ukapasua mbao.

Sasa kuhusu makabati. Yalikuwa zawadi, na aliyeyatoa alijitahidi: sakafu na migongo ya MDF iliyopakwa rangi vizuri, milango yenye mpira wa kuziba vumbi lisiingie. Vumbi kweli halikuingia. Mvuke nao haukutoka. Maboksi ya zamani yalikuwa duni kwa kila kipimo isipokuwa kimoja, kwamba yalivuja hewa.

Hapa ndipo makumbusho madogo yanapoponzwa na ukarimu, nami sioni kama kuna wa kulaumiwa. Makumbusho makubwa yana maabara. Tangu 1973 British Museum imekuwa na jaribio lililobuniwa na mwanasayansi wake Andrew Oddy: unafungia kipande cha nyenzo unayoitilia shaka ndani ya chupa pamoja na vipande safi vya fedha, shaba na risasi na maji kidogo, unaviweka katika joto la nyuzi 60 kwa siku 28, kisha unatazama metali ipi imeharibika. Jumba la vyumba viwili halina tanuri la kukaa siku 28, lakini kuna njia ya mkato: kipande cha risasi kilichosuguliwa hadi king'ae, kikawekwa kwenye kona ya kabati na kuachwa. Kikififia na kuota weupe kabla ya ndege, umepata onyo kwa gharama ya karibu bure.

Jambo moja halikuwa la mjadala. Unga huo ni sumu. Wahudumu walikuwa wakiufuta kwa mikono mitupu, na watoto wa shule walikuwa wakizishika ndege za rafu ya chini. Kabati lilifungwa siku ile ile, glavu zikatafutwa, na vitambaa vilivyotumika vikatengwa kama taka za hatari.

Rubani na ndege ya uongo

Rubani alikuwa na suluhisho: kila pua itobolewe upya, risasi itolewe, chuma cha feleji kiingizwe. Na kwa kuwa ndege zitakuwa mezani, kwa nini zisirekebishwe na makosa mengine? Alikuwa na orodha. Mkia huu umechongwa mfupi, injini ile imekaa mbele mno, alama za ubavuni ni za kikosi ambacho hakikuwahi kurusha ndege ya aina hiyo. Juu kabisa ya orodha, kwa wino mwekundu: F-19, iondolewe.

Tuitazame hiyo F-19 kwa utulivu, maana kisa kizima kimejificha ndani yake. Ni kitu kizuri. Nyeusi, laini kila upande, bila pembe hata moja, na mapezi mawili ya nyuma yaliyoinamiana. Kibandiko kiliandikwa "F-19, ndege ya kivita ya Marekani isiyoonekana na rada". Rubani alisema kweli: ndege hiyo haipo na haikuwahi kuwepo. Katika hesabu ya ndege za kivita za Marekani, baada ya 18 namba iliyofuata ilikuwa 20.

Ila mzee hakuiota. Katika miaka ya 1980 ilijulikana kwamba Marekani ina ndege ya siri inayokwepa rada, na kila mtu alikuwa akikisia umbo lake. Mwaka 1986 kampuni ya Testors ilitoa ndege ya plastiki ya kuunganisha iliyoitwa F-19, nyororo, yenye mikunjo, ikanunuliwa kwa wingi mno. Wakati huo ndege halisi, F-117 ya Lockheed, ilikuwa ikiruka tangu 1981, usiku na kwa siri. Serikali ilipokiri kuwa nayo na kutoa picha hafifu Novemba 1988, umbo lilikuwa kinyume kabisa: bapa zilizounganishwa kwa pembe kali, kila bapa ikiutupa mwali wa rada kando usirudi ulikotoka. Ulimwengu mzima ulikuwa umechonga laini kitu kilichokuwa na makona.

Daftari linaonyesha kwamba F-19 ya jumba hili ilikamilika 1987. Yaani ni ushahidi, wenye tarehe, wa kile ambacho mtu wa kawaida aliyependa ndege angeweza kukijua na asichoweza kukijua mwaka huo. Ukiichonga upya iwe F-117, unapata F-117 mbaya, na duniani zipo nzuri za kutosha. Ukiiondoa, unaondoa ndege pekee ndani ya jumba inayoeleza siri ilivyofanya kazi.

Hivyo nakubaliana na rubani kuhusu kibandiko na simkubalii kuhusu ndege. Kibandiko kilikuwa kikiwadanganya wageni. Ndege haikumdanganya mtu. Mhifadhi aliandika kipya: "Hivi ndivyo watu wengi walivyodhani mwaka 1987. Ndege halisi ilionyeshwa mwaka uliofuata, ikawa haifanani." Mistari miwili, na picha ya F-117 pembeni. Kwa maoni yangu hakuna kibandiko bora kuliko hicho katika jumba zima, na ningependa rubani aandike vingine kama hicho kwa kila kosa lililo kwenye orodha yake. Orodha ni hazina. Ilitumika vibaya tu, kama hati ya mashtaka.

Na risasi? Mhifadhi alikataa kutoboa kwa jumla. Pua ambazo bado ni nzima, akasema, ziachwe zilivyo na hewa inayozizunguka ndiyo irekebishwe. Zilizopasuka zifunguliwe mojamoja, unga utolewe, na kile kizito cha pazia, kama kingalipo, kihifadhiwe kwenye kichupa chenye namba ya ndege yake. Rubani aliliona hilo ni jambo la kuchekesha. Mimi nina shaka nalo kidogo, maana kila kichupa kinahitaji mahali na mtu wa kukikumbuka. Hata hivyo mapazia yale yameandikwa kwenye daftari, na sijui makumbusho gani ya urubani yenye injini za tani kadhaa yanaweza kumwonyesha mgeni kwamba ndege imesimama sawa kwa sababu ya pindo la pazia.

Boksi la ndege nyeusi

Wakati hayo yakiendelea, stoo ilitoa jambo la pili. Kulikuwa na boksi lisilo la mzee, lililoletwa na familia ya mwalimu wa ufundi wa Marekani. Ndani yake ndege za mbao, zote nyeusi tii, bila magurudumu, bila alama, bila hata vioo vya rubani kuchorwa. Wahudumu walizichukulia kuwa hazijamalizwa, na tayari kulikuwa na tangazo la siku ya watoto kuja kuzipaka rangi.

Tangazo liliondolewa kwa bahati tu: rubani alizigeuza moja, akaipima kwa rula na kukuta ni 1:72 kamili.

Januari 1942, wiki chache baada ya Marekani kuingia vitani, Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge ndege za mfano 500,000: aina 50, kila aina 10,000, za Marekani, za washirika wake na za maadui. Zilikuwa za kufundishia askari kutambua ndege kwa umbo. Kipimo cha 1:72 kilikuwa na maana ya kivitendo. Ndege ya mfano ikiwa mita 10 kutoka machoni, inaonekana kwa ukubwa ambao halisi ingeonekana ikiwa mita 720. Nyeusi, kwa sababu angani mtu haoni rangi, anaona kivuli. Bila magurudumu, kwa sababu ndege inayokujia imeyakunja. Kila kipande kilipimwa kwa vibao vilivyokatwa umbo la ndege, na kilichopotoka kilirudishwa.

Kwa hiyo zile "zisizomalizwa" zilikuwa zimemalizwa kuliko kitu kingine chochote ndani ya jumba. Kidogo kama brashi ya mtoto kingetosha kuzifuta.

Boksi hili linaiwekea mipaka hoja yangu ya awali, na ni vizuri. Kwa ndege za mzee nasema kosa litunzwe. Kwa ndege nyeusi, kosa lilikuwa hatari: askari aliyejifunza kwa bawa lililochongwa vibaya angeweza kumfyatulia risasi mwenzake, au kumwacha adui apite. Usahihi ulikuwa ndiyo kazi yake. Kabla ya kuamua kitu kisahihishwe au kisisahihishwe, inabidi ujue aliyekitengeneza alikuwa akijaribu kufanya nini, na jibu halimo ndani ya mbao. Limo kwenye daftari, kwenye boksi lililokuja nacho, kwenye kumbukumbu ya familia. Jumba lilikuwa na daftari moja, nakala moja, kwenye droo ya meza ya kuuzia tiketi, pamoja na betri na mkasi.

Mjumbe mmoja wa kamati ya jumba aliuliza, katika kikao cha kujadili hayo, kama kweli vitu vya kuchezea vinastahili taabu hii yote. Ajibiwe kwa kifupi. Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, Alphonse Pénaud alirusha kindege kilichosukumwa na mpira uliosokotwa, chenye mkia wa kukituliza; kiliruka sekunde 11 na kuonyesha kwamba ndege yaweza kujiweka sawa angani bila kushikwa na mtu. Na helikopta ya kuchezea ambayo Milton Wright aliwaletea wanawe mwaka 1878, ya mpira pia, ilifuata ubunifu wa Pénaud huyo huyo. Wana hao walikuwa Wilbur na Orville, ndugu waliokuja kurusha ndege ya kwanza yenye injini iliyombeba mtu na kuongozwa naye.

Zile za karatasi

Ndege za balsa na karatasi zina ugonjwa mwingine, na hapa habari si njema. Karatasi yake hupakwa dopu, majimaji ya nitroselulosi ambayo yakikauka huivuta karatasi ikakaza fremu. Kukaza huko ndiko kunakolipa bawa nguvu yake. Tatizo ni kwamba dopu haijui kuacha. Miaka inavyopita inaendelea kusinyaa, inageuka rangi ya chai, inakauka na kukatika, na bawa jembamba linajikunja kama jani lililoanguka. Mwanga unaharakisha, na makabati yale mapya yalikuwa na taa ndani, karibu kabisa na mbawa. Taa zilitolewa siku ya kwanza. Kwa nyenzo nyepesi namna hii kiwango kinachotumiwa na wahifadhi ni lakisi 50 hivi, mwanga ambao mgeni anauona hafifu dakika ya kwanza na kuusahau ya pili.

Mbawa zilizokwisha kujikunja ziliachwa hivyo. Kuzinyoosha kwa mvuke wa maji kunawezekana kwa ndege mpya. Kwa karatasi ya zamani ni kamari. Nyuzi za mpira zilizoachwa ndani ya viwiliwili, ambazo zilikuwa zimegeuka kitu cheusi kinachonata na kula balsa, zilitolewa na kuhifadhiwa kando. Ndege zilizoning'inizwa darini kwa uzi wa nailoni uliofungwa kwenye ncha za mbawa zilishushwa, zikapewa vishikizo vinavyobeba kiwiliwili karibu na shina la bawa, panapobeba uzito ndege ikiruka. Vumbi lake linaondolewa kwa brashi laini na mdomo wa mashine ya kufyonza ukiwa umeshikwa karibu, kamwe si kwa kupuliza.

Rubani alitaka angalau moja irushwe tena, mara moja tu, siku isiyo na upepo. Nilimwelewa. Ndege ya mpira isiyoruka ni nusu ya kitu. Walikubaliana achonge nakala kutokana na michoro ya mzee, na ameshaanza. Anasema anajifunza kwa nini mzee alikosea pale alipokosea, kwa kuwa naye anakosea papo hapo.

Kilichofanyika, kwa mpangilio wake

Daftari lilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya jambo lingine lolote, nakala zikawekwa mahali patatu. Huo ulikuwa uamuzi wa binti, na ulimshangaza mhifadhi, aliyetarajia aanze na makabati.

Makabati hayakutupwa. Aliyeyatoa aliitwa, akaelezwa, na akaja mwenyewe kusaidia kuyafunika ndani kwa karatasi ya alumini yenye plastiki inayozuia mvuke, kutoboa matundu ya hewa yenye kichujio na kuweka trei za mkaa maalumu wa kunyonya asidi. Ndege zenye risasi zikahamia kwenye kabati moja la chuma na kioo, bila mbao hata kidogo. Mpangilio wa mzee ulivunjika kwa hilo, kwa kuwa ndege za rafu zake zote zilichanganyika. Penye kila pengo pakawekwa kadi inayosema ndege iliyokaa pale iko kabati gani na kwa nini. Wageni wameipokea kama mchezo wa kutafuta.

Rafu ya "zilizonishinda" ilizua mabishano ya mwisho. Kamati iliona inaaibisha. Ila ndiyo pekee ambapo unaona gogo likiwa na mistari ya penseli bado, ubavu mmoja umekwisha kuchongwa na mwingine haujaguswa, alama za tupa kabla ya msasa kuzifuta. Mgeni akisimama hapo anaelewa ndani ya dakika moja kazi ambayo ndege zilizokamilika zimeificha. Imehamishiwa mlangoni, na kibandiko cha mzee kimebaki.

Mkaa hubadilishwa kwa ratiba iliyobandikwa nyuma ya mlango, na vipande vya risasi vya majaribio vinatazamwa kila mwanzo wa mwezi. Cha kabati la tatu kimeanza kufifia. Rubani anadhani ni rangi ya kopo jipya iliyopakwa kwenye vishikizo. Mhifadhi anadhani kifuniko cha alumini kimeachia kona. Kabati limefunguliwa milango, na ndege zake ziko mezani hadi ijulikane.